Wapitao Bure

Kazi niliyoandikiwa katika nyumba ile ya Mirdif, Dubai, ilikuwa kupika, kufua na kupangusa vumbi lisilokwisha. Kusoma vitabu hakukuwa kwenye mkataba. Lakini baba yake madam alikuwa ameanza kupofuka, na siku moja alinikuta jikoni nikisoma kwa sauti maandishi ya mfuko wa mchele, tabia niliyokuwa nayo tangu utotoni. Akasimama mlangoni na fimbo yake, akasikiliza mpaka nikamaliza. "Unasoma vizuri," akaniambia kwa Kiingereza. "Njoo unisomee mimi." Tangu hapo, kila siku baada ya alasiri, nilivua aproni nikaketi naye sebuleni.

Nilimwita Sir, kama nilivyofundishwa na wakala aliyenileta kutoka Kenya. Alikuwa mhandisi mstaafu wa madaraja, mjane, mtu wa Ulaya aliyekuja kuishi kwa binti yake. Alitaka kusomewa kitabu kimoja tu, kinene, chenye harufu ya kabati, kilichoeleza jinsi watu wa kwao walivyokarabati madaraja miaka mia tatu au mia nne iliyopita. Mwanzoni niliona naadhibiwa. Mimi niliyemaliza kidato cha nne kwa taabu, nimevuka bahari kutafuta riziki, leo nakaa jangwani nasoma habari za mito ya Wazungu waliooza zamani!

Lakini kitabu kikaanza kunishika, sijui lini. Enzi hizo mfalme hakuhangaika na daraja la kijiji. Mawe yakimomonyoka, na yamomonyoke. Basi wenyeji waliomba ruhusa ya kutoza ushuru. Walimweka mtu kwenye kichwa cha daraja, na kila avukaye akatoa sarafu: wa miguu kidogo, mwenye mkokoteni zaidi, mwenye kondoo kwa kadiri ya kondoo wake. Na fedha ile ilikatazwa kugusa kitu kingine chochote isipokuwa mawe, mbao na chokaa ya daraja lile lile. Nikifika kwenye maneno hayo Sir alipiga fimbo sakafuni. "Lile lile," alirudia. "Siyo lingine."

Tulipompeleka kliniki ya macho Oud Metha, madam akiendesha, tulipita chini ya lango la ushuru kwenye daraja la Garhoud. Pale hakuna kusimama, hakuna mkono wa kunyoosha. Mtambo husoma stika iliyo kwenye kioo cha gari, na pesa hukatwa zenyewe. Sir, ambaye hakuliona lango, aliuliza kila safari, "Tumelipita?" Akijibiwa ndiyo, alivua kofia kulisalimu. Mimi kiti cha nyuma nilificha uso nicheke.

Sasa niseme kosa langu. Mirdif iko karibu na uwanja wa ndege, na siku hizo ndege zilipita juu ya paa chini sana hata vikombe vikatetemeka. Ndege ikija tulinyamaza, ikiisha niliendelea pale nilipoachia. Siku moja, baada ya sura ya viwango vya ushuru, ikafuata sura ya watu waliosamehewa kulipa. Ilianza kwa orodha ya vijiji na nyumba za watawa, majina marefu, na Kilatini katikati. Nilikuwa nimeamka kabla ya alfajiri kwa ajili ya wageni wa madam, na miguu ilikuwa imevimba. Ndege ikaja. Nikafunua karatasi tatu kwa mpigo, nikasubiri ngurumo iishe, nikaanza sura ya nguzo.

Sir akainamisha kichwa kidogo. Kisha akasema, "Endelea."

Nilijiona mjanja kweli kweli. Jikoni jioni ile nilitabasamu peke yangu nikiosha masufuria.

Kwetu kuna mto. Nyumba yetu iko ng'ambo hii, na zahanati, soko na kanisa viko ng'ambo ile. Katikati kulikuwa na daraja la miguu, la nyaya za chuma na mbao, na mbao zilikuwa zimeoza. Kila uchaguzi tuliahidiwa jipya. Mama yangu, mjane wa miaka mingi, alilivuka mara mbili kwa mwezi kwenda kuchukua dawa ya presha, na kila alipovuka mimi huku Dubai nilikosa amani. Kaka yangu mkubwa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya daraja, kamati isiyo na hata msumari.

Nikamtumia ujumbe wa sauti, maana kupiga simu kwa WhatsApp huku kulizuiwa. Nikamweleza habari ya kitabu kana kwamba nilikiandika mimi. Mwekeni mtu pale, nikasema. Kila anayevuka atoe shilingi kumi. Haba na haba hujaza kibaba, na hizo pesa zisinunue hata soda ya kamati.

Kaka akajibu kesho yake. Nyuma ya sauti yake nilisikia ng'ombe. "Dadangu, hii maneno ni nzuri. Lakini hiyo kitabu yako inasema nini juu ya mtu hana kitu?"

Aliuliza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: kaka yangu, aliyeacha shule darasa la sita, aliuliza swali lenyewe. Nami nilikuwa na jibu ndani ya kitabu kile, chini ya kitambaa cha meza sebuleni, hatua kumi kutoka jikoni.

"Haisemi kitu," nikamjibu. "Kila mtu alipe. Mkianza kusamehe huyu na yule, mtasamehe kijiji kizima. Hata mama yetu alipe, watu waone hatupendelei."

Hata mama yetu. Nilisema hivyo kwa sauti ya kiongozi, mkono mmoja kiunoni na mwingine umeshika mwiko.

Ushuru ukaanza, na ukafanya kazi. Lazima niseme hivyo, kwa sababu ni kweli. Mzee mmoja fundi baiskeli aliwekwa kuwa mlinzi wa daraja, upande wa soko, na haikupita miezi mingi kaka akanitumia picha ya mbao mpya zinang'aa kwa mvua. Aliniita injinia. Nilimsimulia Sir, naye akacheka mpaka akatoa machozi, akataka kujua mbao ni za mti gani. Mama naye akatuma ujumbe kwa simu ya kaka, akipaza sauti kama kawaida yake: "Mwanangu, leo nimelipa kumi yangu. Nikamwambia huyu mzee, hii sheria imetoka kwa mtoto wangu, ako Arabuni. Hata mimi mama yake sisamehewi!" Nilisikiliza ujumbe huo nikipiga pasi, nikajaa kiburi mpaka nikaunguza kola ya shati.

Mvua za masika zilipofika, zilifika kwa hasira. Siku ya tatu ya mvua, saa tano asubuhi, kaka akaandika kwamba mama alikwenda zahanati jana na hajarudi.

Nilimjibu ameenda kwa rafiki yake wa kanisani. Akasema wameuliza. Nikasema labda zahanati wamemlaza. Akasema wameuliza. Kila mlango niliofungua aliufunga. Mwishowe akaandika kwamba leso yake imeonekana kwenye kichaka kule chini, kwenye mawe, mahali watu walipokuwa wakivukia zamani kabla ya daraja. Nikakaa chini sakafuni pale pale, sabuni mikononi.

Nilimwendea madam. Si mtu mbaya, alinishika mabega. Lakini kafeel wangu, yaani mdhamini wa viza yangu, ambaye ni mumewe, alikuwa safarini, na pasipoti yangu ilikuwa kwenye sefu yake, na ufunguo alikuwa nao yeye. "Habibti, kwanza wampate," akasema. "Inshallah mzima. Ukiondoka sasa Papa wangu atabaki na nani?" Nikasema ndiyo madam. Nilisema ndiyo! Kisha nikaenda kukatakata vitunguu, maana pale hakuna anayekuuliza unalia nini.

Siku mbili sikula. Niliomba kwa Kiswahili, nikaomba kwa lugha ya mama, nikamwambia Mungu achukue mshahara wangu, achukue macho yangu ampe Sir, achukue chochote. Nilimpigia kaka kwa laini ya kawaida mpaka salio likaisha, nikakopa kwa Mganda aliyelinda lango la mtaa, likaisha tena. Ndege zilipita. Kila moja niliitazama dirishani, tumbo lake jeupe likielekea kokote, nami niko chini nimeshika ufagio.

Walimpata siku ya pili jioni, mbali huko chini. Alikuwa ng'ambo ile, wakampeleka chumba cha maiti cha huko huko.

Kaka alichelewa kunieleza ilivyokuwa. Nilimlazimisha. Mlinzi wa daraja ndiye aliyesimulia, akilia. Mama alikuwa na sarafu mbili, kafunga fundo kwenye ncha ya leso, ya kwenda na ya kurudi. Alipokuwa akirudi, mvua inanyesha, akafungua fundo asikute kitu. Lilikuwa limelegea, sarafu imeanguka njiani. Mlinzi akamwambia, pita tu mama, utalipa siku nyingine. Akakataa. Akamwambia: "Mtoto wangu alisema hata mama yake. Nikipita bure leo, kesho watamsema." Mzee akamsihi. Akamwambia atarudi sokoni kumkopa rafiki yake, na mzee akamwamini. Hakurudi sokoni. Alishuka kwenye mawe, kama alivyovuka akiwa msichana. Huko juu milimani mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Kwa Kiswahili kuruka na kuvuka hutofautiana kwa herufi moja. Nimekaa na jambo hilo miaka.

Siku niliyopata habari hizo, alasiri ilipofika, nikavua aproni nikaenda sebuleni kama kawaida. Sir alikuwa ameambiwa. Akasema leo hatusomi, akanyoosha mkono apapase mahali nilipo. Nikamwambia tunasoma. Nikachukua kitabu, nikarudi nyuma mpaka kwenye viwango vya ushuru. Nikamwambia, "Sir, kuna karatasi tatu niliziruka."

Akaurudisha mkono wake kwenye fimbo.

"Najua," akasema. "Nimekisoma kitabu hicho maisha yangu yote. Ulitoka kwenye viwango ukaangukia kwenye nguzo. Nilidhani umechoka. Nikaona nikuhurumie."

Nilimkasirikia hapo. Mungu anisamehe, nilimkasirikia mzee kipofu kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Mbona hakunigombeza? Mabwana wa nyumba nyingine hugombeza kwa glasi yenye alama ya kidole, huyu wangu alishindwaje kusema neno moja? Hasira ikakosa pa kwenda, ikanirudia mwenyewe. Nikasoma.

Vijiji vilijaa nusu ukurasa tu. Vilikuwa vichache kuliko nilivyovihofia. Kisha ikaja orodha yenyewe, kwa maneno mepesi ambayo hata mimi sikuhitaji kuyarudia mara mbili. Asitozwe maskini asiye na kitu. Asitozwe aendaye kanisani, wala arudiye. Asitozwe mjane wa mahali pale. Asitozwe mgonjwa, wala amfuataye mganga. Asitozwe maiti apelekwaye kuzikwa, wala wambebao. Ndege ilipita nikiwa kwenye mjane. Sikunyamaza, nilipaza sauti juu yake, na Sir akakaa ameshika fimbo kwa mikono miwili.

Mama alikuwa ndani ya orodha ile mara nne. Nilihesabu, kisha nikafunga kitabu.

Sikwenda kumzika. Kafeel alirudi mazishi yamepita, akanipa pole na wiki mbili za likizo kwa mwezi mwingine, na nikamshukuru. Kaka alinitumia ujumbe wa sauti siku ya mazishi, na niliusikiliza nimesimama kwenye kamba ya nguo nyuma ya nyumba, shuka za Sir mikononi, jua linachoma.

Alisema walimchukua ng'ambo ile asubuhi, wakaleta jeneza kwa miguu, watu sita, kumi wakiwa nyuma. Alisema walikuwa na wasiwasi na uzito, lakini daraja halikuyumba, hakuna ubao hata mmoja uliolia. Alisema mama angefurahi. Mzee wa baiskeli alikuwa amesimama mahali pake, na walipomfikia kaka akatia mkono mfukoni, kwa mazoea tu. Mzee akavua kofia, akasogea kando.

"Basi tukapita, dadangu," kaka akasema. "Usijali. Hawakututoza."