Swali Ambalo Sikumuuliza Mkwe Wangu

Wachimbaji dhahabu wa Macalder hawanunui dawa ya maumivu kwa pakiti. Wanataka mchanganyiko: vidonge vya rangi tatu vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti, vya kumezwa kabla ya kushuka shimoni ili mgongo usahau kazi yake. Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilipofungua duka langu la dawa hapa niliapa kwamba sitafunga mchanganyiko, na kiapo hicho kilidumu kama mwezi mmoja. Wachimbaji walivuka barabara tu, wakanunua kwa mtu asiyejua hata jina la anachouza, na wakishahama hawakurudi kwangu hata mtoto aliposhikwa na malaria. Basi nikaanza kufunga. Nilijiambia afadhali wafungiwe na mtu anayeuliza.

Na kweli niliuliza. Kila aliyeinama kwenye dirisha langu la waya aliulizwa mambo matatu: umekula? Miguu inavimba? Unakojoa vizuri? Walinicheka sana. Wengine walianza kupiga kelele wakiwa bado mbali, "Tumekojoa, mama, tupe dawa!" Aliyevimba nilimnyima, nikamwambia aende hospitali, akanitukana akaondoka. Nina mdomo mkali na sijawahi kuona haya kuutumia.

Mtu mmoja tu sikumuuliza, naye ni mume wa binti yangu.

Kwetu Wajaluo, mama mkwe, yaani maro, hazoeani na mume wa binti yake. Hatuli pamoja, hatushikani mikono, na habari za mwili wake hazitajwi mbele yangu. Mkwe wangu alilelewa vizuri, hilo nalisema bila kumpaka mafuta. Akija dukani alisimama ubavu kando ya mlango, akaangalia ukuta, akasema, "Mama, habari ya asubuhi. Naomba ile ya kazi." Nami nilifunga, nikaweka kwenye kaunta, nikageukia rafu mpaka nisikie amechukua. Ningeanzaje kumuuliza mwanamume huyo habari za mkojo? Hata sasa ninapoandika haya uso unanichoma.

Mwanzoni alikuja mara moja kwa wiki. Baadaye ikawa karibu kila asubuhi, na nikajidanganya kwamba anawachukulia wenzake wa shimoni. Kisha siku moja binti yangu alikuja kuchukua dawa ya malaria ya mtoto wao, na nilipokuwa nikimwonyesha kipimo akasema, "Mama, baba watoto siku hizi anavaa slipa mpaka kanisani. Viatu vimekataa kumwingia."

Nilimwambia amtafutie vikubwa sokoni.

Nesi mzima, baada ya miaka yote ile wodini, naambiwa miguu ya mtu imevimba na mimi nazungumzia viatu! Wala sikukosa kuelewa. Nilielewa palepale, nikaona aibu kuendelea, nikarudia kueleza dozi ya mtoto ambayo nilikuwa nimekwisha kuieleza. Mtoto alipona baada ya siku tatu. Dawa yake na ya baba yake zilitoka kwenye rafu moja, mkono uleule ukazifunga.

Mkwe wangu alianguka kando ya shimo wiki chache baadaye. Alipelekwa hospitali ya Homa Bay, nami nikafuata na binti yangu. Maro hasogelei kitanda cha mkwe, kwa hiyo nilisimama nje ya mlango wa wodi nikiwapa mgongo, na nikasikia yote. Figo zilikuwa zimeharibika. Daktari alimuuliza kwa upole, "Hizi dawa za maumivu umekuwa ukizitoa wapi?"

"Kwa wachuuzi tu, daktari. Hawa wa kupita njiani. Siwajui."

"Na hakuna aliyekuuliza kama unakojoa vizuri, kama miguu inavimba?"

"Hakuna."

Kwa jibu la kwanza alikuwa ananisitiri. La pili lilikuwa kweli tupu. Ningeweza kugeuka niseme ni mimi, mlango ulikuwa wazi. Nilishika mkoba wangu kwa mikono miwili nikaendelea kutazama ukuta, kama yeye alivyokuwa akiutazama wa kwangu. Sijapata kujidharau kama siku ile.

Sasa anaenda Homa Bay mara mbili kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine. Shimoni hashuki tena. Mchanganyiko niliuacha, na wachimbaji wakavuka barabara tena, na mama mmoja akaniletea mtoto wa malaria akiwa ameshachelewa kwa sababu mumewe alikuwa amenisusia. Nikaanza kufunga upya. Nikiwafungia naumia, nikiwanyima naumia, na nimechoka kiasi kwamba siku nyingine nakaa na kufuli mkononi bila kujua kama nafungua au nafunga.

Jana asubuhi mkwe wangu alipita akielekea stendi. Alisimama palepale kando ya mlango, akausalimu ukuta. Nilitoka nyuma ya waya, nikazunguka kaunta, nikasimama mbele yake na kuitazama miguu yake ndani ya zile slipa.

"Umekojoa leo?" nikamuuliza.

Alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu.

"Hapana, mama," akasema. "Wala juzi."