Seva Mbili Zisizotaka Ukubwa

Folke Åsberg alitunza kompyuta za halmashauri ya Norrbäcken, Uswidi, kwa miaka ishirini na saba, na katika muda wote huo hakuwahi kuamua jambo peke yake. Usidhani alikuwa mwoga. Kule, kuamua bila kikao ni kukosa adabu, sawa na kumega andazi wenzako hawajaketi.

Jumatatu radi iliunguza seva zote mbili zilizotunza mafaili ya ofisi na kunakiliana. Moja Folke aliirudisha kutoka kwenye nakala ya akiba. Nyingine ikanunuliwa mpya. Zikawaka vizuri, kisha zikanyamaza, kila moja ikisubiri mwenzake aanze kuipa mafaili. Mpaka mtu aitaje moja kuwa yenye nakala halali, hakuna ambayo ingefungua folda yake. Akitaja ile mpya, utupu wake ungefuta kila kitu kwenye ya zamani.

"Hizi zimelelewa hapa hapa," Folke alimwambia mkuu wake, Ragnhild. "Hakuna inayotaka kuwa bosi."

"Basi tulipeleke kikaoni Alhamisi. Tusikie wenzetu wanaonaje."

Maj-Lis, msimamizi wa wauguzi wanaozungukia wazee majumbani, aliyekuwa akinywa kahawa nao, akaweka kikombe chini. "Orodha yangu ya sindano za sukari imo humo. Wazee themanini na wawili. Kesho nibahatishe?"

"Alhamisi utaongea wa kwanza," Ragnhild akamtuliza.

Folke alirudi chumba cha seva akiona haya kama mwizi. Alihifadhi folda kwenye diski ya pembeni, akasimamisha kazi ya kunakili kwenye seva zote mbili, akaitaja ya zamani kuwa ndiyo yenye nakala halali, akaianzisha kwanza. Kufikia saa nane mchana mafaili yalikuwa yanamiminika kwenda ile mpya, na Maj-Lis anachapisha orodha yake. Alipopita alimbana Folke bega.

Alhamisi kikao kikakaa. Kwa saa moja na nusu kila mtu alisema lake, kila mtu akasikilizwa, na kwa kauli moja wakaichagua ile mpya, maana ilionekana nzuri zaidi.

"Folke, una pingamizi?"

"Sina," alisema, akitazama meza. Kufikia hapo seva zote mbili zilikuwa na mafaili yale yale.

Ragnhild alifurahi kweli kweli. "Na wale wazee, Maj-Lis, sindano walipata?"

"Wote."

"Mnaona sasa? Wala hakukuwa na haraka."