Kuku Kifuani mwa Afande

Mpaka leo nikipita penye stoo ya kahawa na harufu ya magunia ikanichukua pamoja na ya petroli, mkono wangu hushika taya bila mimi kuutuma. Binti yangu hunicheka. "Mama, jino linakuuma tena?" Haliniumi. Ni harufu ya sinema tu, maana sinema ya utoto wangu ilinukia hivyo: gunia, petroli ya jenereta, na jasho la watu waliobanana sakafuni.

Tulikaa Kasese, ambako baba alifanya kazi ya reli, lakini kila likizo mimi Masika nilipelekwa Bwera kwa bibi. Kwa bibi alikaa Mjomba Thembo, mdogo wake mama, fundi baiskeli. Ujana wake aliumalizia Butembo, akarudi na Kifaransa, na koti la kahawia lisilovuliwa hata jua likiwaka, na Kiswahili cha ng'ambo ambacho bibi alisema kinamfanya aongee kama mtu mwenye tonge la bundu, ule ugali wa muhogo, mdomoni.

Filamu zilitoka ng'ambo hiyo hiyo, siku hizo ikiitwa Zaire. Aliyezileta ni Papa Anaseti, mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa na stoo ya kahawa pale Bwera. Jumamosi mchana alitundika shuka ukutani, akaziba madirisha kwa magunia, akawasha jenereta, na sisi watoto tukakaa mbele kabisa, chini ya dirisha. Filamu zilisema Kifaransa na sisi hatukujua hata neno. Ndiyo sababu Mjomba alisimama kando ya shuka, akizitazama picha na kututafsiria, mgongo wake ukielekea kimlango kidogo cha kupakulia kahawa.

Sasa sikilizeni, maana vijana wa leo hawaelewi jambo hili. Jumamosi haikuwa starehe, ilikuwa mateso. Hatukujua nani atakufa. Filamu ninayotaka kuwasimulia ilikuwa ya mtu mwenye kofia pana, steringi wetu, aliyechomewa nyumba na jambazi tuliyempa jina la Ndevu. Ndevu alichapa watu mijeledi hadi nguo zikachanika. Alimshika mzee mmoja kisogoni akamzamisha kwenye birika la kunyweshea farasi mpaka mzee akaacha kurusha miguu. Jumamosi hiyo nilimng'ata dada yangu bega, na hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe. Papa Anaseti alipiga ishara ya msalaba kila mtu alipouawa, na kwa filamu ile mkono wake haukupumzika.

Utamu ulikuja Jumapili baada ya misa. Filamu ile ile ilirudiwa kabla haijavushwa mpakani kurudi Zaire, na stoo ilijaa kuliko jana yake. Tulishajua! Mjeledi ukiinuliwa, sisi tulikuwa tumeshapiga kelele za kipigo kabla haujashuka. Steringi akiinama mtoni kunywa maji, na mtu wa Ndevu akishuka mwambani na kisu nyuma yake, stoo nzima ilipaza sauti: "Nyuma! Nyuma yako!" Steringi aligeuka kwa wakati, na tukajisifu kwamba sisi ndio tuliomwokoa. Nilipenda vile vipigo, sifichi. Nilivipenda kwa sababu nilijua vitaishia wapi.

Halafu Jumapili Mjomba hakuwa na haja tena ya kutafsiri, kwa hiyo alitia chumvi. Ndevu hakusema tena Kifaransa wala Kiswahili cha Butembo. Alisema kama askari jeshi waliokaa kwenye kizuizi cha barabara njia ya Mpondwe.

"Wewe! Lala chini! Kahawa ya magendo iko wapi? Mimi nitatoa wewe roho!"

Kila Ndevu aliposema "Lala chini!", sisi watoto tulijitupa sakafuni, pua kwenye vumbi la kahawa, mbavu hatuna. Ndiyo ilikuwa desturi yetu ya Jumapili. Watu wazima nyuma yetu walicheka mpaka wakalia. Bibi yangu mwenyewe alikuwa amelazwa kwenye tope la njia ile, kiatu cha askari mgongoni, kahawa yake ikimwagwa mtaroni. Alicheka kuliko wote.

Bila shaka habari ziliwafikia askari wa kile kizuizi. Jumapili hiyo filamu ilikuwa imekwenda sana wakati kimlango kidogo kilipofunguka nyuma ya Mjomba. Aliingia askari mrefu, akakanyaga ndani ya mwanga wa projekta, na kifuani mwake wakatokea kuku. Nawaambia kuku, weupe, wakidonoa vifungo vya magwanda yake. Mama yake steringi alikuwa akiwamwagia mtama, na mkono wake ulipita juu ya bega la afande. Nilicheka. Kisha nikaiona bunduki, na wenzake nyuma yake.

"Nyuma!" nilipiga kelele, na watoto wote wakanifuata. "Nyuma! Nyuma yako!"

Mjomba hakugeuka. Dirisha lilikuwa hatua moja kutoka aliposimama, limezibwa kwa gunia tu, na nje yake palikuwa na migomba mpaka karibu na mto wa mpakani. Yeye alivuta pumzi, akapaza ile sauti ya Ndevu, kwa nguvu ambayo sikuwahi kuisikia:

"Lala chini! Batoto bote! Lala chini, pua mu vumbi!"

Tukalala. Mwili ulikwishazoea. Bunduki ikalia ndani ya stoo, na vumbi la gunia la dirishani likanimwagikia shingoni.

"Wewe nacheza na serikali?" askari mrefu aliuliza.

"Afande, ile ni filimu tu," Papa Anaseti alisema kutoka kwenye projekta.

"Funga mdomo!"

Kitako cha bunduki kilimpata Mjomba tayani. Katika filamu ngumi ililia kama mlango unaobamizwa na upepo. Kipigo hiki cha kweli kililia kidogo tu, kama muwa unaovunjwa na mtoto, na nilikuwa karibu kiasi cha kukisikia. Walimpiga akiwa amesimama, wakampiga akiwa ameanguka, mmoja akamkanyaga vidole vile vya ufundi kimoja baada ya kingine. Wakamburuta kwa miguu kupitia kimlango. Hakuna aliyeizima projekta. Kuku waliendelea kudonoa kwenye shuka, bila mtu wa kutafsiri.

Walimfungia Kasese, kambini. Mama alipeleka chakula getini kila siku, na kila siku walinzi walikila mbele yake, wakamrudishia sufuria. Mjomba aliporudi, wakati mahindi yalikuwa yameshavunwa, taya lilikuwa limeungana upande, na meno ya upande huo hayapo. Hakutafsiri tena filamu. Hata kuomba chumvi mezani ilikuwa kazi.

Bwera nzima ilijua jinsi ilivyotokea. Watu walisema Mjomba alidhani tunampigia kelele steringi, kama tulivyozoea, kwa hiyo akaendelea na mchezo wake, akawatukana askari wakiwa wamesimama mgongoni mwake. Nami niliamini hivyo. Watoto walipita penye karakana yake wakiita, "Thembo, nyuma yako!" Yeye aligeuka na kuwachekea kwa ule mdomo uliopinda.

Mama hakucheka. Hasira yake haikuwa kwa askari, maana askari ungewafanya nini? Ilikuwa kwa ndugu yake.

"Dirisha lilikuwa pale!" alimwambia siku moja, mwiko mkononi. "Kuruka mara moja tu, uko kwenye migomba, uko Zaire! Wewe unachezea watoto!"

"Yaya," Mjomba alijibu polepole, akimwita kama dada mkubwa anavyoitwa kwetu, maneno yakimtoka kwa shida, "filimu ilikuwa tamu."

Mwiko ulimpata kichwani. Tangu hapo mama alimsalimu kama anavyosalimiwa jirani. Mjomba alipofariki miaka mingi baadaye, mama alikaa msibani macho makavu, na jirani aliposimulia kisa cha sinema watu wakacheka, yeye aliinuka akaenda jikoni.

Mwaka jana mjukuu wangu alinitafutia filamu ile kwenye simu. Nilimweleza kofia, mjeledi, birika la farasi, na mtoto akahangaika nayo mpaka akaipata. Niliketi naye kitandani hapa Kasese. Mtoni tulifika mapema, na mdomo wangu wa bibi kizee ukasema wenyewe, "Nyuma yako!" Lakini kuku, niliodhani miaka yote kwamba wako hapo hapo, hawakuwepo. Nikangoja. Mijeledi ikapita, moto ukapita, watu wakafa. Steringi na Ndevu wakapigana juu ya daraja, Ndevu akatupwa bondeni, akafa. Ndipo wakatokea kuku. Mama yake steringi peke yake uani, anamwaga mtama, mwanawe anarudi nyumbani. Hakuna adui nyuma ya mtu yeyote, wala mtu wa kusema "Lala chini." Ndevu ameshakufa!

Mtu aliyeijua filamu ile kwa moyo alisikia watoto wakipiga kelele mahali ambapo hapana cha kupigia kelele. Alijua mara moja kilichosimama mgongoni mwake. Alijua pia nani wamekaa chini ya lile dirisha. Angeruka, risasi zingemfuata, na zingepita vichwani mwetu. Kwa hiyo alimfufua Ndevu kwa sekunde moja, atulaze.

Nililia mpaka mjukuu akaogopa. Kisha nikachukua simu, nikapanda gari kwenda Bwera, anakokaa mama siku hizi.

Mama ni mzee sana sasa, macho yake hayana nguvu, na sinema hajawahi kuipenda. Nilimshikia simu karibu na uso. Nilianzia darajani. Aliangalia hadi mwisho.

"Hawa ndio kuku wa siku ile?" aliuliza.

"Ndio hawa, mama. Waliokuwa kifuani mwa afande."

"Na yule mwenye ndevu?"

"Alishakufa, mama. Amekufa kabla ya kuku. Mjomba alitusikia."

Alipapasa mpaka akaupata mkono wangu ulioshika simu, akaukaza.

"Rudisha," alisema. "Rudisha, Masika, niangalie tena."