Bendera Nyekundu ya Ndinda

Kunyamazisha watu ilikuwa kazi ya Ndinda tangu zamani. Kanisani kwetu, eneo la Tulia, watoto walifunga mdomo wakimwona tu amesimama mlangoni. Kwa hivyo wapimaji wa mafuta walipotafuta mtu wa kuzuia kelele kijijini, hatukushangaa walipomchukua yeye.

Walikuwa wamepima mara ya kwanza, picha ya chini ya ardhi ikatoka ukungu mtupu. Mafuta, kama yapo, yako kilomita nne chini. Lori lao zito hukandamiza ardhi kwa bamba la chuma na kuitikisa, kisha vidude vilivyochomekwa udongoni husikiliza mtikisiko ukirudi. Mtikisiko ukitoka mbali hivyo hurudi umechoka, na mbuzi akipita tu, unapotea. Safari hii wangetikisa mara nyingi zaidi mahali pamoja, na bendera nyekundu ikiwa juu asitembee mtu.

Ndinda alizunguka nyumba zote akihakikisha mbuzi na punda wamefungwa, redio zimezimwa. Kwa Mutie alimkuta mwenyewe ndani ya kisima alichokuwa akichimba, mita kumi chini, mkewe Kalondu akivuta ndoo. Mutie aliuliza kama atoke. Kumvuta kwa kamba kungechukua muda, na lori lilikuwa linangoja.

"Weka sururu chini, utulie hapo hapo," Ndinda alimwambia. "Ni kelele tu hawataki."

Hakuna aliyekuwa amemwambia afikirie jambo lingine. Hilo nalijua, na bado nina hasira naye.

Bendera ikapanda, ardhi ikaanza kutetemeka. Kalondu akaona ukuta wa kisima ukimomonyoka, akamsikia mumewe akimwita kwa sauti ya chini. Kalondu naye alikuwa mtiifu. Alimwendea Ndinda akinyata, viatu mkononi, akaonyesha nyuma kwa kidole huku machozi yakimtoka. Ndinda akadhani mbuzi amekata kamba. Akaweka kidole mdomoni, akamwonyesha bendera. Wakasimama pamoja mpaka lori likamaliza, dakika sita hivi.

Tulichimba udongo ulioporomokea kisimani hadi saa kumi jioni. Mutie tulimpata ameketi, sururu imelazwa kando yake kama alivyoagizwa.

Mhandisi wao alikuja kutoa pole. Mzee mmoja akamuuliza kuhusu ile picha, naye akajibu akitazama chini kwamba ilitoka safi kuliko zote. Nilitamani kumpiga kofi, ingawa alikuwa amejibu tu alichoulizwa.

Siku ya mazishi Ndinda alikaa nyuma kabisa, hawezi kuinua macho. Mhubiri akatuomba tusimame, tunyamaze dakika moja kwa heshima ya marehemu. Tukasimama. Kalondu alibaki ameketi kando ya kaburi.

"Mimi nilishanyamaza," akasema.

Mhubiri aliiacha hiyo dakika, tukaanza kufukia.