Buluu Aliyoisaga Musyimi

Voi nzima ilijua kwamba ukitaka herini zenye rangi isiyobanduka, umwone Musyimi, nyuma ya stesheni. Kufua shaba alifundishwa na baba yake huko Ukambani. Kuitia rangi alijifundisha mwenyewe, kwa kuunguza vidole. Alisaga shanga za dukani mpaka zikawa unga, akautandaza juu ya shaba, kisha akavukuta makaa mpaka kioo kikayeyuka na kung'aa. Kazi tamu, na Musyimi hakuwa mtu wa kuficha kwamba anaiweza.

Kilichomshinda ni buluu. Buluu ya dukani ikipata moto ilifubaa ikawa kama maji ya kuoshea vyombo. Mwaka ule wa 1954 Tryphena, mwanamke wa Wusi, huko milimani Taita, akamletea ushanga wa marehemu mama yake autunge upya, maana uzi ulikuwa umeoza. Bintiye Alice angeuvaa siku ya arusi. Zilikuwa shanga kuukuu, buluu nzito ya kumtoa mtu mate. Musyimi akajiambia atachukua chache tu, ajaribu, nani atajua? Akazisaga. Herini zikatoka motoni nzuri kuliko chochote alichowahi kutengeneza, naye akacheka peke yake kwa furaha. Aibu ilikuja baadaye, na ilipokuja haikumwacha tena.

Alice alipofuata ushanga, Musyimi alimkabidhi bila kumtazama usoni.

Wiki iliyofuata Tryphena akaingia mwenyewe. Hata kuketi hakutaka.

"Fundi, nitafutie shanga za buluu niongezee. Ushanga haufungi shingoni. Yule msichana ameuza zingine njiani, na bado anakana!"

Musyimi angeweza kumpa shanga za dukani, mama wa watu akaenda zake. Alishindwa.

"Hakuuza, Mama Alice. Ni mimi. Nilizisaga." Akafunua kitambaa, akamwekea herini kiganjani. "Ndizo hizi. Chukua. Nisamehe."

Tryphena alizigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango. Hakupiga kelele, afadhali angepiga.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini Alice nimemwita mwizi mbele ya wakwe zake, fundi, na jana wamekuja kuchukua mbuzi wao wa mahari. Hilo nalo utalitengeneza kwa moto gani?"