Umeng'oa Waya?

Kazini walimwita Mbanaji, na jina likamganda hadi majirani wakafikiri ni mchoyo. Mume wangu si mchoyo. Angekuwa mchoyo tusingefika hapa, maana mchoyo angalau hukumbuka kujiwekea chake. Walimwita hivyo kwa sababu ya kazi yake: alichukua programu na mafaili yote ambayo mashine inayahitaji, akayabana yakawa kitu kimoja kidogo, kisha akakifunga kisiandikwe tena, kisomwe tu.

Mimi ni fundi cherehani. Mambo ya kompyuta sikuyasomea, lakini kula meza moja na mtu wa aina hiyo kunafundisha, utake usitake. Karakana yao inatengeneza visanduku vya kuendesha pampu za maji za mji. Kila kituo cha pampu kina kisanduku chake ukutani, na ndani yake mna kompyuta ndogo yenye nafasi finyu kuliko simu yangu ya vitufe. Umeme wetu hukatika bila kuaga. Kompyuta ya kawaida ikizimikiwa katikati ya kuandika, mafaili yake huweza kuharibika. Yaliyobanwa na kufungwa yanabaki salama kwa kuwa hakuna kinachoandikwa humo. Umeme ukirudi, kisanduku kinaamka kama kilivyolala. "Hakina kinyongo," mume wangu alipenda kusema, na alikuwa anajisema mwenyewe bila kujua.

Kinachoamsha yote hayo ni kiini cha mfumo. Kabla ya kukijenga, fundi hujibu maswali chungu nzima: kiini kijue kusoma kitu hiki? Na kile? Majibu ni matatu. Ndani, yaani ujuzi huo ushonwe kwenye kiini chenyewe. Kando, yaani uwe kipande cha pembeni kinachokaa pamoja na mafaili mengine, kiitwe kikihitajika. Au acha kabisa. Swali la kujua kusoma mafaili yaliyobanwa lina jibu moja tu kwenye visanduku vyao: ndani. Ukiuweka ujuzi huo kando, kile kipande kitakaa humo humo kwenye mafaili yaliyobanwa, na kiini hakiwezi kuyafungua bila kipande hicho.

"Umefungia ufunguo ndani ya sanduku, mke wangu," aliniambia siku moja, mkate mkononi, chai ikimdondokea shati. Nilielewa hapo hapo. Aliyewahi kusimama nje ya mlango wake mwenyewe hahitaji kuelezwa mara mbili.

Mtu wa pili kuelezwa hayo kwenye meza yetu alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Baba alipofariki, mama akiwa mgonjwa wa mgongo, nilimchukua angali anavaa kaptula. Nilimshonea sare za shule kwa mabaki ya vitambaa vya wateja. Mume wangu hakuwahi kuniuliza shemeji yake atakaa hadi lini. Alimpa kitanda, akamlipia shule, na alipomaliza akampeleka karakana, akamkalisha kando yake, akamfundisha kazi kama anayemrithisha mwanawe.

Akili anayo, sitamnyima hilo. Ila alitaka kufika kabla hajatoka. Alipokosea, mume wangu akitaka kumkanya, mimi nilikuwa mbele kumkinga: "Bado mtoto huyo, mwache." Mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo nilizoea kuwapa wenzangu wenye watoto watundu, kwa sauti ya mtu anayejua.

Mume wangu alikuwa na desturi moja ambayo karakana nzima iliifanyia mzaha. Kisanduku kikiwa mezani kwenye majaribio huunganishwa kwa waya na kompyuta kubwa, kikavuta mafaili kutoka huko, ili fundi asihangaike kukijaza upya kila akibadili kitu. Ubaya wake ni kwamba kwa waya huo hata kibovu kinaamka, kwa kuwa kompyuta kubwa inakikopesha kila kinachokosa. Kwa hiyo kabla kiini hakijatoka mezani, lazima kijaribiwe peke yake. Ng'oa waya, zima, washa. Vijana walimsalimia kwa maneno hayo. Akiingia chooni, mtu anapiga kelele nje: "Umeng'oa waya?" Naye alicheka nao.

Kisha akapata mtoto wa jicho. Alifanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani na bandeji, na daktari akamkataza kioo cha kompyuta, kuinama na vumbi. Wakati huo huo bosi alikuwa anataka kiini kipya kwa ajili ya vituo vyote. Kazi ikamwangukia mdogo wangu. Kwa utaratibu wao, kiini hakitoki bila mtu wa pili kukikagua na kukipitisha, na wa pili alikuwa mgonjwa wangu kitandani.

Simu ilipopigwa nilikuwa nakunja kanzu ya mteja miguuni pa mume wangu. Aliiweka sauti ya juu kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umeshika dawa ya matone.

"Shemeji, nimemaliza. Kinawaka safi kabisa. Nipitishie basi, bosi ananisimamia kichwani."

"Umeng'oa waya?"

"Nimeng'oa, shemeji."

"Ukazima, ukawasha?"

"Kimeamka chenyewe. Wewe pumzika tu."

"Haya, nimepitisha," mume wangu akasema, na akaegemea mto akiwa ametabasamu. "Kijana amekomaa," akaniambia. Nami nikavimba kichwa, maana kazi yangu ndiyo iliyokuwa inasifiwa.

Kiini kipya kikatumwa vituoni. Visanduku vingeanza kukitumia mara vitakapozimwa na kuwashwa, na hilo likaachiwa umeme wetu. Umeme haukutuangusha. Ulikatika mchana mmoja, ukarudi, na mabomba ya mji mzima yakakauka.

Tulipanga foleni kwenye lori la maji, jua la utosi, wajawazito na vizee. Jirani yangu wa mlango wa pili, ambaye ulimi wake hauna breki, alinyanyua ndoo tupu juu ya kichwa akatangaza: "Aliyetengeneza mashine hizo alaaniwe, yeye na ukoo wake!" Foleni nzima ikaitikia amina. Na mimi nikaitikia, kwa nguvu.

Nyumbani nilimkuta mume wangu ameshaondoka na bandeji yake. Alirudi jioni akiwa na mdogo wangu, wakaketi sebuleni bila kuwasha televisheni. Nikajua kuna msiba.

"Kiini kinasema hakiwezi kufungua mafaili," mume wangu alianza, taratibu, kama anavyoongea na wateja. "Usomaji wa mafaili yaliyobanwa umeuweka wapi?"

Mdogo wangu aliangalia zulia. "Kando."

"Kando?"

"Kiini kilizidi nafasi, shemeji. Nilitafuta cha kupunguza. Kile kilikuwa kikubwa, nikakitoa kikatosha."

"Ungetoa ujuzi wa sauti. Ungetoa wa kamera. Pampu ina haja gani na kamera? Na waya?"

"Sikung'oa."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia. Mume wangu hakupandisha sauti. Alimwambia kwamba kila fundi hukosea, hata yeye aliwahi kuzima kituo kizima, akasimama mbele ya watu akasema ni yeye, na dunia haikuanguka. "Kwenye kikao alichoitisha bosi useme mwenyewe. Nitakaa pembeni yako. Sitakusemea, lakini sitakuacha."

"Nitasema, shemeji. Wallahi nitasema."

Nilimwamini. Nilimpakulia chakula, na kipande kikubwa cha nyama nikampa yeye. Hicho kipande bado kinaniuma.

Kabla ya kikao ilibidi visanduku vifufuliwe. Kutuma marekebisho kwa mbali haikuwezekana, kwa kuwa visanduku vyenyewe vilikuwa havijaamka. Ilibidi mtu afike kwenye kila kituo, afungue kisanduku ukutani, aandike kiini upya kwa mkono. Mume wangu alikwenda. Nilimzuia, nikamkumbusha daktari, nikalia. Akasema watu hawana maji. Aliinama, akala vumbi la vyumba vya pampu, akarudi nyumbani jicho likiwa jekundu kama pilipili. Mdogo wangu alibaki karakana "kuandaa maelezo". Jicho lile halijapona sawasawa hadi leo. Analiita dirisha lenye ukungu, anacheka, na mimi sicheki.

Ya kikaoni sikusimuliwa na mume wangu. Nilisimuliwa na dada anayelehemu saketi pale karakana, mteja wangu, siku nilipokuwa nampima kiuno.

"Bosi aliuliza nani," akasema. "Shemeji yako... samahani, mdogo wako, alikuwa amekaa karibu na mumeo kabisa. Mumeo akamgeukia, akamngoja. Sote tulimwona anamngoja. Kijana akafungua mdomo, akasema kiini kilipitishwa na mkuu wa kitengo, yaani mumeo."

"Basi?"

"Basi. Si uongo, kilipitishwa. Bosi akamuuliza mumeo: ni kweli ulipitisha? Mumeo akasema ni kweli."

"Hakusema aliambiwa waya umeng'olewa?"

"Hakusema. Mimi nilidhani atasema. Alikuwa anamtazama tu yule kijana, kama mtu anayesubiri wa nyuma yake amalizie sentensi."

Nilimchoma pini, bila kukusudia. Alinisamehe.

Wakamwachisha kazi baada ya pampu ya mwisho kurudi. Kiti chake akapewa mdogo wangu. Asante ya punda ni mateke, lakini punda hakulelewa na mtu kwa sare za mabaki. Nilitaka kwenda karakana nikayamwage yote mbele ya bosi, kwa kuwa simu ile niliisikia kwa masikio yangu. Mume wangu akanishika mkono. "Neno la mke kumtetea mumewe," akasema, "nani atalipokea? Nilitaka liwe lake." Imani hiyo ndiyo aliyopoteza, nadhani. Kazi ilimuuma, lakini kilichomvunja ni kumngoja yule kijana pale mezani na kijana asiseme.

Mama akanipigia. "Damu nzito kuliko maji, mwanangu. Msameheane."

"Mama," nikamwambia, "mji mzima ulipanga foleni kutafuta maji. Sikuona mtu amebeba ndoo ya damu."

Akakata simu. Tulikaa muda bila kusalimiana.

Sasa mume wangu ana kibanda cha kutengeneza redio na pasi. Watu wanampenda, wanamwita Mbanaji bado bila kujua kwa nini. Na juzi juzi, saa ya chai, mdogo wangu akabisha hodi. Shati lake lilikuwa jipya, la dukani. Alikuwa hajakanyaga kwetu tangu kikao.

Hakuomba radhi. Alianza na hali ya hewa, akaja kwenye afya ya jicho, kisha akatoa kompyuta kwenye mkoba. Kiini kimezidi nafasi tena, wameongezewa mambo mapya, na hajui atoe nini.

Nilisubiri mume wangu amwonyeshe mlango. Badala yake alisogeza kikombe, akasogeza uso karibu na kioo kwa lile jicho zima, akaanza. Hiki toa. Hiki toa, pampu haiimbi. Hiki usikiguse. Na hiki, cha kusoma yaliyobanwa, kiko wapi? Ndani. Vizuri. Alimwelekeza hadi mwisho, kwa upole ule ule, juu ya meza ile ile, na chai yangu wakainywa.

Mdogo wangu alipokuwa anavaa viatu akaniangalia. "Dada, mbona huongei?"

"Nimejifunza kwako," nikamwambia. "Siku mtu anapongojewa aseme, ananyamaza."

Akainamisha kichwa, akafunga kamba za viatu polepole mno, akaondoka. Nikamgeukia mume wangu na moto wangu wote. "Umemsaidia kwa lipi?"

"Visanduku ni vyangu," akasema. "Nisipomsaidia, watakosa maji watu, si yeye." Halafu akaongeza: "Nilimuuliza kama atang'oa waya. Akasema atang'oa."

"Ukamwamini?"

Alichukua kikombe cha mgeni akaenda kukiosha mwenyewe.

Tangu siku hiyo ndoo zangu zote zinakaa zimejaa, na mapipa, na sufuria kubwa ya shughuli. Korido haipitiki. Jirani wa mlango wa pili amenicheka hadi amechoka. "Maji si yanatoka, mama? Au unafuga samaki?"

"Yanatoka," namwambia. "Lakini namjua aliyekalia kile kiti. Nimemlea mimi."