Kisahani Nje ya Kamba ya Manjano

"Theluji iko wapi?" Yustina aliuliza, hata hajamaliza kushuka kwenye basi.

Alikuwa amevaa koti zito la manyoya, la kuazima, na jasho lilikuwa limeshamfika kwenye visigino. Mwezi wenyewe Julai. Tikiti aliyotumiwa kwenye simu ilikuwa na picha ya watu wanateleza kwenye weupe mtupu, naye, mtu wa Makambako anayeijua baridi, akasema hainikuti bila koti. Sasa alisimama mbele ya mlima wa kijani kibichi, umefyekwa mistari mipana toka kileleni hadi chini, kama kichwa ambacho kinyozi alianza kukinyoa akapigiwa simu.

Gitau, Mkenya wa kusafirisha mizigo aliyepanda naye basi toka Guangzhou, alicheka hadi akashika magoti.

"Mama Agape! Sasa hiyo koti unaenda nayo wapi? Utaiva humo ndani tukule!"

"Nyamaza wewe. Picha si imeonyesha theluji?"

"Hiyo ni picha ya Januari. Na theluji yenyewe wanatengeneza na mashine. Saa hii mashine imelala."

Theluji ya mashine! Yustina alibaki mdomo wazi. Miaka kumi na moja China, alidhani ameshaona kila kitu kinachoweza kutoka kiwandani.

Lakini ngoja kwanza nikueleze huyu Yustina ni nani, maana bila hivyo hutaelewa kwa nini alikubali kukaa saa nne kwenye basi Jumapili, na ibada akaiacha.

Alikuwa fundi cherehani Makambako, barazani kwenye duka la mbolea, anashona sare za kwaya. Na sare za kwaya ni kazi ya kukondesha mtu. Watu hamsini, rangi mbili, kola ya namna yake, na kila mmoja amekuja na mwili wake. Akina mama wanakutajia kiuno cha mwaka walioolewa. Ukikifuata hicho, siku ya uzinduzi zipu zinalia. Alipochoka na pedali alikata tikiti akaenda kuona vitambaa vinakotoka, akafika Kangle.

Kangle ni kijiji kilichomezwa na jiji la Guangzhou, ubavuni mwa masoko ya vitambaa. Nyumba zimebanana hadi jua la saa sita linaingia kwa kuomba, na kila ghorofa lina vyerehani vinavyonguruma. Huko wanashona elfu tano, elfu kumi, saizi zilezile. Yustina alizunguka na daftari lake: majoho hamsini na mawili tu, kila moja na kipimo chake. Karakana kumi na tisa zilimwonyesha mlango. Ya ishirini ilikuwa ya Chen.

Chen ni mama wa miaka sitini, mfupi, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Alilipokea lile daftari, akalifunua ukurasa baada ya ukurasa bila neno, kisha akamvutia mgeni kigoda. Tangu siku hiyo Yustina humwita Chen jie, yaani dada Chen, na Chen humwita Tina kwa kuwa jina zima lilimkwama kooni. Kwaya za Njombe, za Mafinga, za Tunduma, ukiziona zimesimama mbele ya kanisa na majoho yameanguka vizuri begani, jua ule ni mkono wa Chen.

Sasa Kangle inabomolewa kidogo kidogo, na karakana zinahamia Qingyuan, kwenye majengo makubwa. Chen naye alikuwa anahama, pamoja na mdogo wake wa kiume, A Bin, ambaye ni mbia wake. A Bin hataki kusikia habari ya oda ya majoho hamsini. Kila Yustina alipouliza, "Chen jie, huko Qingyuan utanishonea?" Chen alivaa miwani na kuangalia mshono. Miezi miwili hivyo. Na kwaya tatu zilikuwa zimeshatuma vipimo. Chen akisema hapana, Yustina anafunga daftari, anarudi kwenye baraza la duka la mbolea akiwa na miaka arobaini na sita na mgongo unaouma.

Ndipo Chen akamwambia: "Jumapili twende mlimani. Mlete na yule wa mizigo. Lakini biashara hatuzungumzi." Yustina akajisemea, wewe twende tu, nafasi nitaipata.

Kileleni walipanda kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya, vile vya kupandishia watu wa theluji. Kiti hakisimami kukungoja. Kinakuja kwa nyuma, kinakuzoa kama gunia. Yustina alipiga yowe moja, akafumba macho, na hakuyafumbua hadi Gitau alipomwambia wamefika, tena alimdanganya mara mbili kabla hawajafika.

Huko juu, ambako Chen na mdogo wake walikuwa wametangulia, alikuta jambo jingine la kushangaza. Watu wazima, wengine na mvi zao, walikuwa wanarusha visahani vya plastiki vya rangi rangi. Mbali kule kuna nguzo, imezungushiwa minyororo inayoning'inia, na chini ya minyororo kuna kikapu cha chuma. Kisahani kikigonga minyororo, kinaanguka kikapuni. Anayefikisha kikapuni kwa mitupo michache zaidi ndiye mshindi. Vikapu vilikuwa tisa, vimezunguka kilele, na pembeni mwa njia palilazwa kamba ya manjano kwenye majani. A Bin, kijana wa miaka hamsini aliyevaa kofia ya michezo, aliwaeleza kwa mikono: kisahani kikitua nje ya kamba, unaongezewa mtupo mmoja, na unarudi kutupia pale kilipovukia.

"Hii ni gofu," Gitau akasema. "Gofu ya maskini."

"Maskini gani amekulipia hiki kiti cha angani?" Yustina akamjibu.

Wakampa naye ajaribu. Akarusha kwa nguvu zote. Kisahani kilipaa, kikageuka kama kimesahau kitu, kikarudi na kumkosa Gitau sikio. Kuanzia hapo wageni waliombwa kwa heshima watembee nyuma na kubeba chupa za maji.

Kwa hiyo mchezo ukabaki kati ya dada na kaka. Na hapo Yustina alianza kuona kitu ambacho hakukielewa. Hawa watu hawakuwa wanacheka. Chen, ambaye kule Kangle hupiga soga na cherehani yake, alikuwa amekaza mdomo kana kwamba ameshika pini kwa midomo. A Bin kila akitupa alihesabu kwa sauti. Kikapu cha tano Chen alipopatia kwa mbali, mdogo wake alipiga kofi moja tu, kavu, akaenda zake.

"Leo kuna kitu," Gitau alinong'ona. "Hii si mchezo ya Jumapili."

Walifika kikapu cha tisa dada akiwa mbele kwa mtupo mmoja. Mteremko ulikuwa mkali, kamba ya manjano inapita karibu kabisa na kikapu upande wa vichaka. A Bin alimaliza kwa mitupo mitatu. Chen akatupa wa kwanza, ukatua vizuri. Wa pili ulipinda kushoto, ukapotea nyuma ya miti kule juu, kisha ukasikika ukitua chini, kwenye majani marefu, hatua kama tano tu toka kikapuni. Kutokea juu haikuonekana umelala wapi hasa. Chen akaanza kushuka pole pole, mkono mmoja gotini.

Sasa sikiliza. Yustina alilelewa Ubena, ambako mtu aliyekuzidi umri akiangusha kitu haachwi akainama kukiokota mwenyewe. Kwa kifupi ni hivyo. Hakufikiri hata kidogo. Alimwona dada Chen anashuka kwa shida na goti lake, yeye akiwa karibu. Akakimbia, akavuka, akakiokota kile kisahani chekundu, akakifuta majani kwa kanga yake, akapanda nacho, akapiga goti, akampa kwa mikono miwili.

A Bin alivua kofia yake, akaitupa kwenye majani.

Halafu A Bin akalipuka. Kichina kilimtoka kama cherehani iliyokwama pedali. Chen alisimama ameshika kisahani, anakitazama kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake.

"Nimefanya nini?" Yustina akauliza, bado amepiga goti. "Gitau, nimefanya nini?"

"Umeharibu! Hiyo haiguswi! Inatupiwa pale pale imelala!"

"Mtu mzima ataokotaje mwenyewe na mimi nipo?"

"Mama Agape, hapa si Makambako!"

A Bin akashuka hadi kwenye kamba, akamnyooshea kidole Yustina, akauliza neno moja taratibu ili alielewe. Kilikuwa wapi? Ndani ya kamba, au nje?

Kama ndani, Chen anatupia kikapuni toka hatua tano, na amemaliza, ameshinda. Kama nje, anaongezewa mtupo na kurudi nyuma ya miti, na hapo ushindi umemponyoka. Aliyeona ni mtu mmoja tu duniani.

Gitau akamsogelea, akaongea haraka bila kugeuza shingo. "Sema ndani. Nani atajua? Huyu mama ndiye anakushonea. Sema ndani, twende tukakule."

Yustina akatazama miguu yake. Alikumbuka vizuri kabisa. Aliinua mguu kuivuka ile kamba. Alikaribia hata kujikwaa. Kisahani kilikuwa upande wa pili, kama shubiri mbili. Alimtazama Chen. Chen alikuwa anamtazama yeye, na macho yale hayakumwomba kitu wala kumkataza. Yustina alifungua mdomo aseme ndani. Naam, aliufungua kwa ajili hiyo, hakuwahi kukana.

"Waimian," akasema. Nje.

Lilimtoka jinsi jibu la kweli linavyomtoka mteja akimuuliza kama kitambaa kitachuja. Hata yeye mwenyewe alishtuka kulisikia.

Gitau alijishika kichwa. A Bin akapiga ngumi hewani. Chen akapanda tena hadi nyuma ya miti bila kuguna, akatupa, kikagonga tawi. Akatupa tena, akaingiza. Mchezo umekwisha. Akampa mdogo wake mkono.

Wakati wa kushuka, Chen alimshika Yustina kiwiko na kumkalisha kwenye kiti kimoja naye. Kiti kikawazoa. Chini yao mlima ulikuwa unapita kimya kimya. Yustina safari hii hakufumba macho. Hofu ya kuanguka haikupata nafasi.

"Nisamehe, Chen jie. Sikujua haiguswi."

"Tina," Chen akasema, kwa kile Kichina cha sokoni walichozoea kuongea, cha maneno machache na mikono mingi. "Unajua leo tulikuwa tunacheza nini?"

"Visahani."

"Tulikuwa tunakucheza wewe. Miezi miwili mimi na A Bin tunagombana. Mimi nasema oda ndogo zije Qingyuan, yeye hataki. Tukachoka. Tukasema, anayeshinda mlimani ndiye anaamua. Nikishinda, Tina anakuja. Akishinda, oda ndogo basi."

Yustina alishika chuma cha kiti kwa mikono miwili. Kwa hiyo alikuwa ameokota riziki yake mwenyewe kwenye majani, akaifuta kwa kanga, akaitoa nje ya kamba!

"Kwa nini hukuniambia?" sauti ilimpasuka. "Chen jie, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesema ndani."

Angesema? Mpaka leo ukimuuliza anageuza mazungumzo.

"Ongea na A Bin," akasema mwishowe. "Mwambie mrudie."

"Nimempa neno. Angeshindwa yeye, angetii." Chen alifuta miwani kwa upindo wa shati, akaivaa, akamkagua Yustina mabegani na mikononi kama anavyokagua mshono. "Mashine tatu za zamani haziendi Qingyuan. Jumatano anakuja mtu wa chuma chakavu kuzichukua. Chumba cha ghorofani Kangle ni changu mpaka mwisho wa mwaka. Wewe ni fundi, Tina. Umenikalia kigodani miaka kumi na moja unaniangalia nashona. Unangoja nini?"

"Mimi? Kangle? Peke yangu?"

"Mtu wa chuma anakuja saa nne asubuhi," Chen akasema, na kiti kikafika chini, kikawamwaga.

Usiku wa Jumapili na Jumatatu nzima Yustina hakula kitu cha maana. Gitau alimpigia simu mara sita kumwambia ni wazimu, na mara ya saba kumuuliza kama atahitaji mtu wa kubeba marobota.

Jumanne asubuhi na mapema, siku moja kabla mtu wa chuma hajaja, kwenye kichochoro kile Kangle ambapo wenye karakana husimama na nguo ya mfano mkononi na mafundi wa kibarua hupita wakizipapasa, alikuwepo mwanamke mmoja Mwafrika ameinua joho la zambarau lenye kola ya rangi ya maziwa. Watu walipunguza mwendo. Pikipiki zilizobeba vitambaa zilipiga honi. Fundi wa kwanza aliuliza ni ngapi, akasikia hamsini na mbili, akacheka akaenda. Wa pili hakuuliza hata. Mkono wa Yustina ulianza kufa ganzi, akabadilisha.

Ndipo akasimama mama mmoja mwenye uzi mweupe begani. Akaligeuza joho ndani nje, akavuta mshono wa kwapa kwa vidole viwili, akauvuta tena, akaridhika. Akatazama huku na huku juu ya bega la Yustina.

"Laoban yuko wapi?" akauliza. Bosi yuko wapi?

Na Yustina, kwa mazoea ya miaka kumi na moja, akageuka nyuma kumtafuta. Palikuwa na ukuta, na baiskeli imeegemezwa. Alisimama hivyo, shingo imegeuka, moyo unampiga kama kile kiti kimemzoa tena.

"Mimi," akasema. "Ni mimi. Twende juu."